Bahari Imekwenda Sokoni

Asubuhi ya kwanza kijijini Jambiani, Unguja, mwanangu alitoka mlango wa nyuma, akatazama, akaangua kilio. Alasiri ya jana yake, tulipofika, maji yalikuwa yamejaa mpaka chini ya minazi, naye alikuwa ameyapungia mkono kama anavyowapungia wageni. Sasa mbele yake palikuwa na mchanga mtupu, madimbwi, na ngalawa zimelala ubavu, hadi mbali kule kwenye mstari mweupe ambako mawimbi hupiga mwamba. Bahari ilikuwa imeondoka. Kwa mtu wa mwaka mmoja na miezi kumi, huo ni msiba.

Bibi mwenye nyumba alikuwa anafagia uwanja. Akaweka ufagio chini.

"Usilie, mume wangu," akamwambia. "Bahari imekwenda sokoni. Itarudi alasiri."

Shoga yangu mmoja wa Dar es Salaam, mwenye watoto watatu na jicho kali la fedha, alikuwa amenionya mapema. Alinikuta napakia unga wa lishe na nepi za wiki tano, akashika kiuno. "Mwenzangu, hela yote hiyo, na mtoto hatakumbuka hata punje. Si mngesubiri aanze shule?" Sikuwa na jibu. Maziwa aliyonyonya pia hatayakumbuka, na hakuna aliyewahi kuniambia nimeyapoteza; lakini jibu hilo lilinijia baadaye, tukiwa tumeshavuka, kama yanavyokuja majibu yangu yote mazuri.

Tena katika jambo lenyewe amesema kweli. Muulize mtu mzima kumbukumbu yake ya kwanza kabisa, mara nyingi atakutajia kitu cha umri wa miaka 3 au zaidi. Nyuma ya hapo ni giza. Wanasaikolojia wamelichunguza giza hilo kwa zaidi ya karne, na la ajabu ni kwamba mtoto mdogo hakosi kumbukumbu. Anazo. Wangu alikuta kaa chini ya jiwe siku ya pili, na wiki nzima baadaye akawa analiendea jiwe lilelile, kati ya mawe yote yale, kumwamkia. Anakumbuka, kisha kumbukumbu zinafutika anavyokua. Kwa hiyo shoga yangu alikuwa amesema jambo gumu kuliko alivyodhani: ataona, atafurahi, atajua, halafu vyote vitamtoka.

Siku zenyewe hazikuwa za mapumziko. Anayekwambia amepumzika likizoni na mtoto anayejifunza kukimbia, muulize nani alikuwa anamkimbiza. Duka lilikuwa hatua mia mbili, na safari ya kununua mikate ilikula saa nzima, maana kila kitu kilistahili kuchuchumaliwa: kombe tupu, kipande cha kamba, kiti cha pweza chekundu ndani ya dimbwi. (Jina hilo nililijua tangu utotoni bila kulifikiria. Yeye alipolisikia alikaa pembeni ya dimbwi, akamngoja pweza aje kuketi.)

Saa za mkononi tuliziacha mkobani. Maji ndiyo yakawa saa, nayo ni saa inayochelewa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo ratiba ya leo haikufai kesho kutwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari ikitoka inatoka kweli, na wanawake wa kijiji wanashuka mpaka kwenye mashamba yao ya mwani, kazi iliyoanza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980. Siku za maji mafu wanabaki juu, na kutwa unasikia makumbi yakipondwa yatoe usumba wa kusokotea kamba. Makumbi hayo hufukiwa mchangani, pale maji yanapofika na kuondoka, yakakaa humo miezi. Bibi alituonyesha shimo lake: mawe machache yamezunguka duara, ambayo mimi ningeyapita mara mia nikadhani yamerushwa na mawimbi.

"Haya nimeyatia kabla ya Ramadhani," alisema, na wala hakuinama kuyakagua.

Hapo ndipo nilipomkumbuka John Mbiti. Mwanatheolojia huyo wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya nguzo za nadharia yake ya wakati: katika fikra za jadi za Kiafrika, alidai, kuna Zamani ndefu, kuna Sasa, na wakati ujao karibu haupo. Sijawahi kuikubali sehemu hiyo ya mwisho, na penye shimo la makumbi ilizidi kunishinda. Anayefukia leo ili apige baada ya miezi, na anayejua Ijumaa ijayo maji yatakuwa wapi, wakati ujao anao mkononi. Lakini Mbiti alisema na jingine, ambalo halijaniachia. Aliyekufa bado yumo katika Sasa maadamu yupo aliye hai aliyemjua, anayemkumbuka kwa jina. Akiondoka wa mwisho wao, ndipo marehemu anapozama katika Zamani.

Yeye alikuwa anaangalia mwisho wa maisha. Mimi nilikuwa nimempakata mtu wa upande wa pili, na hali yake niliiona ni ileile. Miaka yetu ya kwanza tuliiishi, lakini iko kwa watu wengine. Tuna neno la kitu cha mtu kilichomo mikononi mwa mwingine: amana.

Nilipokuwa na umri wake, mama alinipeleka Mafia. Ninachojua ni sentensi moja: "Kilindoni ulikula mchanga mpaka tukaogopa." Aliisema mara nyingi huku akicheka, nami nikacheka naye, wala sikuwahi kuuliza ni nani na nani walioogopa, tulifikia kwa nani, tulivuka kwa chombo gani, tulifuata nini. Nilidhani ipo siku. Mama ana miaka sita sasa kaburini, na baba alishatangulia. Kuna wiki za maisha yangu, au labda miezi, zilizokuwa kwake tu, na amekwenda nazo. Watu walinipa pole ya kufiwa na mama. Hakuna aliyenipa pole ya yule mtoto wa Kilindoni, na mimi mwenyewe sikujua kama naye amekwenda mpaka nilipokuwa Jambiani namfuta wangu mchanga mdomoni.

Baba yake amepiga picha zaidi ya elfu moja. Nimezipitia zote. Mawio ya jua ni mengi kupita kiasi. Hakuna hata moja inayotoa mlio wa makumbi, wala bibi akiuliza dirishani kila asubuhi, "Mume wangu kaamka?" Kwa hiyo nimenunua daftari la shule, naandika humo. Tulifikia kwa nani. Boti iliondoka saa ngapi, na nani alitapika (mimi). Yule mama wa kwenye daladala aliyempokea mtoto mapajani bila kuombwa, akashuka Paje, hatukuuliza jina. Aliogopa nini, alikataa kula nini. Si maandishi mazuri. Ni majibu ya maswali ambayo sikumuuliza mama.

Tuliporudi Dar es Salaam, mwezi wa Septemba tulikwenda Coco Beach na shoga yangu yule. Maji yalikuwa yamepwa. Mwanangu akatazama mchanga, akageuka kutuambia, kwa utulivu wa mtu mwenye habari kamili, "Bahari sokoni." Shoga yangu akauliza mtoto anasema nini. Nikamweleza, na nikaona anamwangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake.

Desemba tulirudi palepale, na maji yamepwa vilevile. Mwanangu alishika ndoo yake akaanza kuchimba. Nilingoja. Mwishowe nikamuuliza bahari imekwenda wapi.

Akaniangalia kama anayeulizwa upuuzi, akanyoosha kidole. "Ile pale, mama."