USALAMA WA INCHI NA NENO LA MSHITAKIWA

Je, serikali ikisema "inchi iko hatarini", mwamuzi anyamaze? Ulizo hili si la wanasheria peke yao. Linamgusa kila mtu anayeweza kukamatwa usiku na kupelekwa pahali jamaa yake haipajui.

Wazee wetu walituachia mafundisho mawili yanayopingana. Walisema: "Mwenye nguvu mpishe." Lakini wao hao, mu barza, hawakukata shauri mpaka aliyeshitakiwa amesema, na ndugu zake vilevile. Hatusemi kama mambo yote ya zamani yalikuwa ya haki: kiapo cha sumu kiliua watu wasio na kosa. Lakini neno la mshitakiwa lilikuwa na kiti chake.

Bula Matari alikuja na tribinali zake, tena na njia ya kuzikwepa. Tukumbuke Simon Kimbangu. Alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa kule Nkamba mu mwaka 1921. Hakubeba silaha, lakini watu waliacha kazi wakamfuata kwa wingi, na serikali ikaogopa uasi. Ikaweka utawala wa kiaskari mu Thysville (leo Mbanza-Ngungu). Kwa hiyo Kimbangu alisambishwa na tribinali ya vita, si ile ya raia. Hakupewa avoka. Tarehe 3 mwezi wa kumi 1921 alihukumiwa kifo, bila njia ya kukata rufani. Mfalme Albert wa Kwanza alibadilisha hukumu ile kuwa kifungo cha maisha, naye Kimbangu akafia mu boloko ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Miaka thelathini! Na mu mwaka 1948 serikali ileile ilikataza Bwami ya Balega, chuo cha hekima na mezali, kwa kuiona kama hatari kwa utawala. Waliosema kuna hatari ndio wao waliokata shauri.

Wamoja watajibu: ule ulikuwa ukoloni. Hapana. Mwezi wa nane 1997, miaka 37 kisha uhuru, iliundwa korti ya kiaskari ambayo watu waliita COM. Ilisambisha askari na raia pia, na hukumu zake hazikuwa na rufani. Mwezi wa kwanza 2003, juu ya mauaji ya Rais Laurent-Désiré Kabila, ilihukumu watu 30 kifo. Korti hiyo iliondolewa mu mwaka uleule wa 2003.

Walioandika Katiba ya 2006 walijua historia hii. Kifungu cha 61 kinasema kama hata wakati wa hali ya hatari, haki ya kujitetea na ya kukata rufani haiguswi, wala hakuna ruhusa ya kutesa mtu. Kifungu cha 156 kinakubali tribinali za kiaskari zichukue nafasi ya zile za raia wakati wa vita, lakini rufani inabaki. Na kifungu cha 145 kinaagiza kila agizo la namna hiyo lipelekwe mara moja mbele ya Korti ya Katiba. Mwezi wa nne 2020, wakati wa Korona, Korti hiyo ilichunguza agizo la Rais na kuona linapatana na Katiba. Mtu atauliza: sasa faida gani, kama inakubali? Faida ni kwamba serikali imelazimishwa kuleta maandiko yake mbele ya mwingine. Lakini mwamuzi anayekubali kila mara bila kuchunguza anakuwa muhuri tu.

Mwezi wa tano 2021 hali ya kuzingirwa ilitangazwa mu Ituri na Kivu ya Kaskazini. Magavana wakawa maofisa wa jeshi, na makosa ya raia yakapita kwa tribinali za kiaskari. Ilitangazwa kwa siku 30. Ikarefushwa siku 15 kwa siku 15, mpaka miaka ikapita. Hapa tuseme kwa unyofu: mama wa Beni aliyezika watoto wake haulizi kwanza juu ya avoka. Anataka wauaji wakomeshwe, na ana haki kabisa.

Lakini mwamuzi hamnyang'anyi askari bunduki yake. Anauliza tu: huyu umemfunga juu ya nini, kwa sheria gani, na shahidi ni nani? Kama aliyefungwa si mwenye kosa, basi muuaji bado yuko mu pori, na yule mama bado hana usalama. Kumbe ulizo la mwamuzi linamsaidia yeye pia. Na kijana aliyepigwa bure mu boloko anatoka na chuki ambayo wenye kutafuta wapiganaji wanaijua vizuri.

Basi, sisi wazazi na walimu, tuwafundishe watoto mezali ile pahali pake. "Mwenye nguvu mpishe" ni shauri kwa mtu anayekutana na tembo njiani. Si sheria ya mwamuzi. Yeye kazi yake ni kusimama pale pale na kuuliza.