Nani Aitikie Hodi?

Kwetu pwani mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka, hata kama amesikia watu wakizungumza ndani. Kimya cha mwenye nyumba nacho ni jibu. Nikiwaza maana ya taifa kujitawala, sipati kipimo kilicho wazi kuliko hiki, wala hainijii akilini nyumba nyingine kabla ya Haiti.

Huko watu waliokuwa watumwa walilishinda jeshi la Napoleon, na tarehe 1 Januari 1804 kiongozi wao Dessalines akatangaza uhuru mjini Gonaïves. Mwaka 1825 Charles X wa Ufaransa akapeleka manowari 14 na hati: Haiti itatambuliwa ikilipa faranga milioni 150, fidia ya mali ya waliokuwa mabwana. Katika mali hiyo walihesabiwa wanadamu wenyewe. Yaani aliyeibwa amlipe mwizi. Hodi gani hiyo, ya mizinga?

Julai 1915 Wamarekani hawakubisha kabisa. Rais wa Haiti alikuwa ameuawa, wakasema wanaleta utulivu, wakakaa miaka 19. Wakulima walishurutishwa kujenga barabara. Katiba ya 1918 ikawaruhusu wageni kumiliki ardhi, jambo ambalo Dessalines alikuwa amelipiga marufuku. Charlemagne Péralte aliongoza uasi, akauawa mwaka 1919. Wanajeshi waliufunga mwili wake kwenye mlango, wakaupiga picha, wakaisambaza ili watu waogope. Watu waliitazama: mwili uliosimamishwa, kitambaa kiunoni, bendera nyuma ya kichwa. Wakamwona Yesu msalabani.

Kuna hoja ya upande wa pili, nami siibezi. Nyumba ikiungua, jirani hasubiri kukaribishwa. Huvunja mlango akamwaga maji. Mama anayekimbia risasi za magenge Port-au-Prince, mwana mgongoni, atanisikiliza mimi na hodi zangu? Hapa napata uzito kweli. Lakini jirani aliyezima moto huondoka na ndoo yake, haandiki upya hati ya kiwanja. Wala haachi maradhi nyuma: kipindupindu cha 2010 kilifika Haiti na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, kikaua karibu watu 10,000.

Halafu tukaja sisi Wakenya. Ariel Henry, waziri mkuu wa Haiti ambaye hakuchaguliwa na mtu kwa kura, aliomba majeshi ya nje Oktoba 2022. Januari 2024 Mahakama Kuu yetu ilizuia polisi wetu kupelekwa huko. Tarehe 1 Machi Henry alikuwa Nairobi, makubaliano ya kuwapeleka yakatiwa saini. Juni vijana wetu wakatua. Siutilii shaka moyo wao. Wapo waliofia huko. Ninachouliza ni nani hasa aliyewaambia karibu. Maana Henry alipotaka kurudi kwao baada ya saini ile, magenge yalikuwa yameuzingira uwanja wa ndege, akatangaza kujiuzulu akiwa ugenini. Aliyetuitikia hodi alikuwa amesimama nje pamoja nasi, mlango umefungwa.