Msalaba Wako, Deni la Nani?

Vijana wenzangu, kuna neno moja wahubiri wetu wanalipenda sana: gharama. "Kumfuata Yesu kuna gharama!" anapaza sauti mhubiri ndani ya daladala, nusu ya abiria wanasinzia, nusu wanaitikia amina. Sawa, kuna gharama. Mtu aliyesoma Injili hata kurasa tatu hawezi kubisha. Swali langu mimi ni jingine, na sijawahi kulisikia kwenye kipaza sauti: gharama hiyo anailipa nani hasa?

Hebu tuanze na mtu ambaye kitabu chake kimelipa neno hili umaarufu. Mwaka 1937 mchungaji kijana wa Kilutheri huko Ujerumani, Dietrich Bonhoeffer, alitoa kitabu juu ya maana ya kumfuata Kristo. Humo ndani anaikemea neema ya bei chee, ile inayomsamehe mtu bila kumdai lolote. Lakini jina la kitabu kwa Kijerumani ni neno moja tu, Nachfolge, yaani kufuata. Neno "gharama" liliingia kwenye jina katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1948. Wakati huo mwandishi mwenyewe alikuwa marehemu: serikali ya Hitler ilimnyonga tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na miaka 39.

Tunapolitaja jina lake tunamwona yeye peke yake, kidume, akiuendea mti wa kunyongea. Hebu geuza macho uitazame nyumba aliyotoka. Mzee Karl Bonhoeffer na mkewe Paula walikuwa wameshampoteza mtoto wao Walter katika vita, mwaka 1918. Aprili 1945, ndani ya mwezi mmoja, waliuawa Dietrich, kaka yake Klaus, na wakwe wawili wa wazee hao, Hans von Dohnanyi na Rüdiger Schleicher. Wote walihusishwa na harakati za kumwangusha Hitler. Habari ya kifo cha Dietrich iliwafikia wazazi wake Julai, kwa njia ya redio, ibada ya kumkumbuka ilipokuwa ikitangazwa kutoka London. Halafu kuna Maria von Wedemeyer, binti wa miaka 18 aliyemchumbia Januari 1943. Aprili mwaka huo huo mchumba akakamatwa, asitoke tena.

Dietrich aliuchagua mzigo wake. Alikuwa New York mwaka 1939, salama salimini, akarudi kwao kwa hiari yake. Mama Paula alichagua nini?

Juu ya mlango wa magharibi wa kanisa la Westminster Abbey, London, mwaka 1998 zilizinduliwa sanamu kumi za mashahidi Wakristo wa karne ya 20. Bonhoeffer yumo. Yumo pia jirani yetu, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana, Luwum akiwaongoza, walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na watu kutoweka. Tarehe 16 mwezi huo Luwum akakamatwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikasema ati ni ajali ya gari. Mwili ukapelekwa kuzikwa kijijini kwao Mucwini, na kaburi aliloandaliwa kwenye kilima cha Namirembe likabaki tupu. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa Uganda. Lakini mjane wake, Mary, alilazimika kukimbia na watoto hadi Kenya. Sanamu ya London inamwonyesha askofu peke yake. Mama na watoto waliopoteza nyumba hawamo.

Sisemi haya kumpunguzia Luwum heshima, la hasha! Nasema kwa sababu tumezoea kuhesabu nusu ya hesabu. Katika Luka sura ya 14 Yesu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza, apige hesabu, aone kama anazo fedha za kumalizia. Wengi wetu tukiketi tunajihesabu wenyewe tu: je, niko tayari kupoteza kazi, marafiki, hata uhai? Tukijibu ndiyo, tunasimama tukidhani hesabu imekwisha. Kumbe waliobaki ukurasa wa pili hatujawafikia.

Tushuke sasa mpaka mitaani kwetu, maana huku hakuna Amin wala Hitler. Chukulia kijana karani wa stoo. Imeingia mifuko 120 ya saruji, bosi anamtaka asaini kwamba imeingia 200. Kijana ameokoka, anakataa. Wiki haiishi, kibarua kimeota nyasi. Jumapili anapewa nafasi ya ushuhuda, kanisa linalipuka kwa makofi, Bwana asifiwe, anarudi kuketi. Jumatatu mwenye nyumba anagonga mlango. Mama yake, anayemtegemea kwa dawa za presha, anaanza kumeza kidonge siku moja na kuruka siku ya pili. Kijana alichagua. Mama hakuchagua. Nani basi amelipa gharama ya ufuasi?

Hapa nimesikia majibu mawili, na yote mawili yananikwama kooni.

La kwanza linasema: usijali, Mungu atarudisha maradufu. Panda mbegu, utavuna. Leo umepoteza kazi ya stoo, kesho utakuwa meneja! Jamani, hiyo siyo gharama, ni mtaji. Anayetoa ili arudishiwe na riba hajatoa kitu, amekopesha. Na likishindikana hilo la umeneja, mama wa watu anaambiwa imani yake ndogo.

Jibu la pili linatoka kijiweni, na lina nguvu zaidi kwa sababu linanukia huruma. Linasema: bwana wee, saini tu, utakula uaminifu? Mtu mwenye mama mgonjwa hana ruhusa ya kujifanya nabii. Jibu hili ningelikubali kama lingekuwa linaokoa watu wote. Lakini mfuate yule anayesaini. Jengo litasimama kwa saruji pungufu, na watakaolala ndani yake ni watoto wa mama mwingine. Kusaini nako kuna bili, ila inapelekwa kwa watu usiowajua majina. Tena wezi wakubwa wa nchi hizi ukiwauliza watakwambia nao waliiba kwa ajili ya familia. Tukishakubali kwamba mama ni sababu ya kutosha ya kunyamaza, basi Uganda ya 1977 isingepata hata barua moja, maana maaskofu wale nao walikuwa na wake na watoto.

Sasa tufanyeje? Mimi naona Injili yenyewe ina jibu, ila tunalipita mbio kwa sababu liko katikati ya kisa cha kutisha. Fungua Yohana 19. Yesu yuko msalabani, na mama yake amesimama pale chini, anatazama. Angalia mambo mawili ambayo Yesu hakuyafanya. Hakushuka kwa sababu ya mama. Wala hakujifanya kwamba mama hayupo. Alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyekuwa karibu, kwamba huyu sasa ndiye mama yako. Na tangu saa hiyo mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake.

Mwanafunzi huyo siku ile hakusulubiwa. Hakupigwa hata kofi. Je, tuseme hakulipa gharama? Gharama yake ilikuwa kitanda cha ziada, sahani ya ziada, na mama mzee mwenye msiba ndani ya nyumba kila asubuhi. Hakuna sanamu inayochongwa kwa kazi ya namna hiyo. Lakini bila yeye, msalaba ule ungemwacha mjane mmoja pale chini bila pa kwenda.

Hapo ndipo ninaposimama. Kumfuata Yesu kuna gharama, na gharama haimwangukii mfuasi peke yake, kwa hiyo haiwezekani tuiache ilipwe na mama zake peke yao. Mmoja akiitwa kusema hapana, wengine kumi wameitwa kufungua mlango. Wakristo wa kwanza walilijua hili. Tazama Matendo sura ya 6: ugomvi unaoelezwa pale ni wa chakula cha wajane! Wakachaguliwa watu saba wa kuhudumu mezani, na mmoja wao ni Stefano, yule yule ambaye baadaye tunamwona akipigwa mawe. Shahidi wa kwanza wa Kanisa alitoka kwenye meza ya wajane. Sisi tunaukumbuka mwisho wake, meza tumeisahau.

Mfikirie pia Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, mwenzake Luwum. Baada ya mauaji yale waumini wa kwao walimsihi aondoke, wakamsaidia njia, naye na mkewe Mera wakavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda. Wapo wanaodhani aliyekimbia alilipa nusu bei. Mimi naona waumini wale walikuwa wamepiga hesabu vizuri kuliko wengi wetu. Walikataa kuwa watazamaji wa shujaa mwingine akifa, wakaihatarisha nafsi yao kidogo kidogo, kila mtu kwa kiasi chake.

Najua utaniuliza: na pale ambapo hakuna wa kufungua mlango? Yule karani akitazama kulia na kushoto akaona makofi tu? Sitakudanganya, ndugu msomaji. Naamini hata hapo asisaini. Lakini kabla ya kwenda kwa bosi arudi nyumbani kwanza, aketi na mama, amweleze kinachokuja. Pengine mama atasema, "Usisaini mwanangu, tutakunywa uji." Pengine atalia na kusema, "Saini, baba, mimi nitakufa." Akisema hili la pili, kijana asikimbilie kusema kwamba ni Shetani anayemtumia mama. Ni mama anayeogopa, na ana haki ya kuogopa. Kijana atakataa kusaini huku moyo unamvuja damu, na ataanza siku ile ile kutafuta vibarua vya kununulia vidonge. Hiyo ndiyo hesabu ya mnara. Haifuti deni, ila wanaodaiwa wamejulishwa, na wamehesabiwa kama watu.

Neno la mwisho kwa sisi tunaoandika. Tunawapenda mashahidi kwa sababu wanatupa mwisho mzuri: risasi, kitanzi, kimya, pazia. Hadithi ya mtu aliyempokea mjane haina mwisho wa namna hiyo. Ina miaka ya kupika, kufua na kuvumiliana, na mhariri anaweza kuona inachosha. Iandikeni hata hivyo. Na Jumapili ijayo, kijana mwingine akisimama kutoa ushuhuda wa kazi aliyoiacha kwa ajili ya Kristo, kabla hujapiga makofi muulize anakaa mtaa gani, na kodi ya nyumba inaisha lini.