Je, Usafi Wetu Huishia Kizingitini?

Ndugu zetu wa Mombasa, twapenda kuwauliza suali moja, na twaomba kila mmoja ajijibu nafsini mwake kabla ya kumjibu mwenziwe. Mtoto wetu tumemfundisha kutawadha, kutunza nguo yake na kuvua viatu mlangoni. Kisha twampa mfuko wa taka na kumwambia, "Nenda ukautupe pwani." Je, hapo tumemfundisha usafi, au tumemfundisha kuwa uchafu si uchafu maadamu uko mlangoni kwa mwengine? Mtoto hufuata mwendo wetu kabla ya kufuata maneno yetu.

Wako wasemao: "Kuzoa taka ni kazi ya Serikali ya Kaunti, nasi twalipa kodi." Kauli hii ni nusu ya haki. Kusafisha mji ni mfano wa faradhi kifaya: wakiisimamia baadhi ya watu, waliosalia huondokewa na lawama. Lakini kutotupa taka njiani ni mfano wa faradhi ain, humlazimu kila mtu kwa nafsi yake. Kwani kumdhuru jirani hakuwi halali kwa sababu yuko mtu aliyeajiriwa kuondoa madhara hayo. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa kuondoa kiudhicho njiani ni katika matawi ya imani. Ikiwa kukiondoa ni imani, kukiweka tukuiteje?

Wengine husema: "Maji yakipwa yatachukua." Ni kweli, bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Lakini kilichochukuliwa na maji kupwa huweza kurudishwa na maji kujaa, kikanasa katika mikoko ya Tudor, au kikaingia matumboni mwa samaki na kasa.

Wazee wetu wa Kibokoni na Mkanyageni walikuwa na adabu ya jambo hili. Katika mnazi hakikutupwa kitu: tui lilipikiwa, chicha walipewa kuku, kifuu kikawa upawa, makumbi yakasokotwa kamba, makuti yakaezeka nyumba. Kilichosalia kilioza kikawa udongo. Plastiki haiozi hivyo. Kwa hiyo adabu ile yahitajiwa leo zaidi ya jana.

Wala tusiseme haiwezekani. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na vikapu vikarudi mikononi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi la Flipflopi, la mita kama 9, lililoundwa kwa taka za plastiki na kuvikwa vipande vya kandambili zilizookotwa. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Na hapo Bamburi, machimbo ya kiwanda cha saruji, yaliyoanza kupandwa miti mwaka 1971, leo ni bustani watoto wetu waiendeayo kutembea.

Basi kila nyumba na iwe na vyombo viwili: kimoja cha mabaki ya chakula, cha pili cha chupa na makopo yafaayo kuuzwa. Kila chuo na kitenge siku moja katika juma ya kufagia njia yake, mwalimu akitangulia na fagio mkononi. Na mzazi asimtume mtoto kutupa usiku kile ambacho yeye mwenyewe angeona haya kukitupa mchana mbele ya watu.