Abdurrahman aliuliza soko

Siku ya posho iliyopita nilimkosea mama mmoja, jirani yangu. Tulikuwa kwenye foleni, analalamika kwamba unga umepunguzwa. Mimi nikajifanya mwalimu, nikamsimulia habari za Abdurrahman bin Auf.

Waislamu wengi tunazijua. Mwaka 622 Waislamu wa Makka walihamia Madina. Hao walioacha nyumba na mali wakaitwa Muhajirina, na wenyeji waliowapokea wakaitwa Ansari. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwaunganisha wawili wawili, mhamiaji na mwenyeji, wawe ndugu. Abdurrahman akaunganishwa na Saad bin Rabii, mtu mwenye mali. Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko tu. Akaanza kuuza samli na jibini kavu, na haukupita muda mrefu akaoa.

"Unaona, mama? Mkimbizi yule hakungoja kupewa."

Akanitazama. "Mwanangu, yeye aliuliza soko, akaonyeshwa. Mimi nikiuliza, nitaonyeshwa geti."

Nikanyamaza. Bila kibali hatutoki kambini, na yeye ana wajukuu wanne wa kulisha. Nilirudi na unga wangu kichwani, swali likanisumbua: je, ni haki kumsifu mtu kwa kujitegemea bila kuangalia njia aliyofunguliwa?

Kumbe historia ile nilikuwa naisimulia nusu. Ansari walitaka kugawana mitende yao na wahamiaji. Mtume hakukubali. Basi wakapatana: wahamiaji wasaidie kazi shambani, mavuno wagawane. Yaani kazi yenyewe ilikuwa sehemu ya ukarimu. Na wale ambao hawakuwa na biashara wala jamaa walikaa msikitini, mahali penye kivuli palipoitwa Suffa, wakalishwa na jamii. Abu Huraira alikuwa mmoja wao, na leo hadithi nyingi za Mtume tumezipata kupitia kwake. Je, huyo naye alikuwa mvivu?

Naona jumuiya ile ilikua kwa sababu mhamiaji alipewa nafasi ya ndugu. Ndugu anaweza kupokea bila aibu. Anaweza pia kusema hapana, asante, nionyeshe soko, na mwenyeji asikasirike.

Ndugu zetu wa mashirika, mkitufundisha kujitegemea tunashukuru. Lakini mtusaidie pia kuliulizia hilo geti. Na sisi wenye vibanda vya sabuni na chumvi, tusiwacheke walio kwenye foleni. Abdurrahman alikuwa mfanyabiashara tangu Makka. Si kila aliyekimbia alikimbia na ujuzi wa namna hiyo.

Jioni nilienda kumwomba yule mama msamaha. Akacheka. "Yameisha, mwanangu. Kaa, chai iko."

Nilikaa, nikanywa chai yake.