Mkimbiaji Aliyekataa Kipimo

Tarehe 20 Julai 1984, mwanamume wa miaka 52 alikutwa amekufa kando ya barabara huko Hardwick, mji mdogo wa jimbo la Vermont, Marekani. Alikuwa ametoka kukimbia, kama ilivyokuwa desturi yake. Jina lake lilijulikana nchi nzima: Jim Fixx, mwandishi wa The Complete Book of Running, kitabu cha mwaka 1977 kilichouzwa nakala zaidi ya milioni moja na kuwaingiza watu wengi barabarani na raba zao.

Wavivu walipata la kusema. Mwalimu wa mbio kauawa na mbio! Lakini maiti ilipopasuliwa, maelezo yalikuwa mengine. Mishipa mitatu inayolisha moyo wake ilikuwa imejaa mafuta yaliyoganda: mmoja umeziba kwa takriban asilimia 95, wa pili 85, wa tatu 70. Ugonjwa wa namna hiyo hujijenga kwa miaka mingi, na Fixx aliuanza ujana wake vibaya. Hadi alipofika miaka 35 alikuwa akivuta pakiti mbili za sigara kwa siku na uzito wake ulikaribia kilo 100. Ndipo akaanza kukimbia, akaacha sigara, akapungua. Ninamheshimu kwa hilo, maana wengi wetu tunaahidi kila Januari na hatufiki hata Machi.

Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba mbio zimefuta yaliyopita. Na hapa tunahitaji kuelewa kidogo jinsi moyo unavyoongozwa, kwa sababu kosa hili linaingia kwa mlango unaovutia.

Moyo una kituo chake chenyewe kinachoanzisha mapigo. Moyo wa kijana ukiachwa bila amri yoyote ya neva, utapiga kama mara 100 kwa dakika. Tunapokaa tumetulia, neva iitwayo vagasi huupunguza hadi 70 au chini ya hapo. Tukianza kukimbia, vagasi hulegeza kwanza, kisha neva za kuhimiza pamoja na adrenalini hupandisha mapigo. Yote hayo hufanyika bila sisi kuamua lolote.

Umri huugusa mpango huu kila upande. Moyo wa mzee huitikia adrenalini kwa uzito, kwa hiyo mapigo ya juu kabisa hushuka: kijana wa miaka 20 anaweza kukaribia 195 kwa dakika, lakini mtu wa miaka 60 huishia karibu na 165. Nguvu ya vagasi nayo hupungua. Hata ile kazi ya kurekebisha presha tunaposimama huchelewa, ndiyo maana mzee akiinuka ghafla kitandani huona kizunguzungu.

Mazoezi ya kila mara hurudisha sehemu ya yaliyopotea. Vagasi hupata nguvu tena, mapigo ya mapumziko hushuka, na moyo hutulia haraka baada ya jasho. Mapigo ya juu kabisa hayarudi ya ujanani, lakini faida iliyobaki ni kubwa. Mwaka 1999 madaktari wa Cleveland Clinic walichapisha utafiti kuhusu watu waliopimwa wakiwa kwenye mashine ya mazoezi. Wale ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika ya kwanza baada ya kumaliza walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa miaka iliyofuata.

Basi mtu mwenye miaka hamsini na ushei anahesabu mapigo yake asubuhi, anapata 54, anajiona kijana. Mimi pia ningejiona. Lakini 54 ile inatueleza habari za neva, haituelezi hali ya mishipa ya damu. Dereva hodari haondoi uchafu uliokwama kwenye bomba la mafuta. Tena mtu anapokimbia kwa nguvu, vagasi imejitoa, adrenalini imepanda, moyo unadai damu nyingi. Mshipa uliobana hauwezi kuipitisha, na mapigo yanaweza kuvurugika kabisa papo hapo.

Fixx hakukosa onyo. Baba yake alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 35, akafa akiwa na 43. Hilo peke yake lingetosha kumpeleka kwa daktari kila mwaka. Kisha kulikuwa na dalili: alilalamika kwamba koo linabana anapokimbia. Koo, wala si kifua, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu maumivu ya moyo huweza kutokea kooni, tayani, begani au mkono wa kushoto. Hujitokeza mtu anapojituma na kutoweka akipumzika, na huko kutoweka ndiko kunakomlaghai.

Onyo la mwisho lilikuja kama mwaliko. Desemba 1983, Dkt. Kenneth Cooper, aliyeandika Aerobics mwaka 1968, alimtaka apimwe moyo kwenye mashine ya kukimbilia katika kliniki yake huko Dallas. Fixx akakataa. Miezi saba baadaye Cooper alikuwa akiuchunguza mkasa wake, na mwaka 1985 akatoa kitabu kuhusu namna ya kukimbia bila kuhofia kifo cha ghafla.

Tusiache kukimbia, ndugu zangu. Fixx aliishi miaka tisa zaidi ya baba yake, na sigara zile zingeendelea huenda asingeifikia. Lakini kama umevuka miaka 40 na ulivuta sigara, au una presha, kisukari au mzazi aliyeondoka mapema kwa moyo, pima kwanza presha, sukari na lehemu, kisha umuulize daktari kama unahitaji kipimo cha moyo ukiwa mazoezini. Ukibanwa kooni au kifuani wakati wa mbio, simama papo hapo, nenda hospitali siku hiyohiyo, na ueleze yote, pamoja na umri aliofia baba yako.