Je, Kiolesura Pepe Kipo Kweli?
Fayawoli ya nyumbani yenye tundu moja tu la waya upande wa ndani inaweza kuundiwa violesura pepe vitatu: cha familia, cha wageni na cha kamera. Havishikiki. Kinachovitenganisha ni lebo ya baiti 4 inayobandikwa kwenye kila fremu ya data kwa kanuni ya mitandao iitwayo 802.1Q. Hata hivyo, kila kimoja kina anwani yake na sheria zake; sheria zikikataza, simu ya mgeni haiifikii kamera ng'o. Aristotle alitofautisha maada na umbo: hapa maada ni moja, maumbo matatu. Anayeshikilia kwamba halisi ni kinachogusika tu ana kazi ya kueleza ni nini kilichoizuia simu hiyo. Lakini uhalisi huo ni tegemezi: waya ukichomolewa, vyote hukatika papo hapo, ingawa mipangilio yake hubaki kwenye diski.